Mifupa yangu inakua, mbona inavunjika?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni fundi seremala, umri wangu ni miaka 46. Kwa miaka kama 6 sasa viatu vyangu vimepanda kutoka namba 42 hadi 45, pete ya ndoa haiingii tena kidoleni, na uzito umeongezeka kilo 8 ingawa tumbo limepungua, hata wenzangu wakawa wananisifu kwamba nimejengeka. Mwezi uliopita niliinua mbao, mgongo ukaniuma kupita kiasi, na picha ya eksirei ikaonyesha kwamba pingili 2 za uti wa mgongo zimebonyea. Cha ajabu, kipimo cha wingi wa madini ya mifupa kinasema sina tatizo. Damu imeonyesha kwamba homoni ya ukuaji imezidi, nami nasubiri upasuaji wa kupitia puani. Inakuwaje mifupa inayokua iwe dhaifu? Na baada ya matibabu mwili wangu utakuwaje?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, fundi, na pole sana kwa maumivu. Ugonjwa wako unaitwa akromegali, jina ulilopewa na daktari Mfaransa Pierre Marie mwaka 1886. Karibu kila mara chanzo chake ni uvimbe usio wa saratani katika tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo na isiyozidi ukubwa wa punje ya kunde. Uvimbe huo humwaga homoni ya ukuaji mfululizo, nayo hulichochea ini kutoa kwa wingi homoni nyingine iitwayo IGF-1. Kama ungekupata utotoni, kabla gegedu za ukuaji kwenye ncha za mifupa hazijafunga, ungerefuka mno. Kwa mtu mzima mifupa haina tena pa kurefukia, hivyo inapanuka na kunenepa mikononi, miguuni, tayani na kwenye paji la uso.

Sasa nije kwenye swali lako, ambalo ni la msingi kuliko unavyodhani. Mfupa hubomolewa na kujengwa upya maisha yote, na homoni ikizidi kazi zote mbili huenda mbio, ubomoaji ukauacha ujenzi nyuma hasa katika sehemu ya ndani ya mfupa. Wewe ni seremala, kwa hiyo fikiria nyumba ambayo kuta zake zimeongezwa unene huku kenchi zinazobeba paa zikipunguzwa na kuachanishwa: kwa nje inaonekana imara, lakini mzigo ukizidi paa linashuka. Pingili za uti wa mgongo zinategemea sana kenchi hizo za ndani, na ndiyo maana zinabonyea kwanza. Kipimo ulichofanyiwa huhesabu madini yote kwa pamoja, bila kuonyesha yalivyopangwa, na vinundu vya mfupa vinavyoota kandokando ya pingili katika ugonjwa huu huweza kuyapandisha majibu yake. Kwa hiyo usiruhusu mtu akuambie kwamba mgongo wako ni mzima kwa sababu ya karatasi hiyo. Picha ya eksirei ndiyo iliyosema kweli.

Kuhusu mwili uliosifiwa, homoni ya ukuaji huyeyusha mafuta, ndiyo maana tumbo lilipungua, na huongeza nyama; lakini pia huzifanya figo zibakize chumvi na maji, kwa hiyo sehemu ya zile kilo 8 ni maji tu. Mafuta yanayoyeyushwa huingia kwenye damu na kuizuia insulini, homoni inayoshusha sukari, isifanye kazi yake vizuri, na hivyo mtu mwenye tumbo dogo anaweza kupata kisukari. Nasikitika ninapoona vijana wa jimu wakijidunga homoni hii kwa hiari yao, wakitafuta umbo ambalo kwako limekuja na mgongo uliovunjika.

Upasuaji ukifanikiwa, uvimbe wa vidole na jasho jingi hupungua mapema, na sukari hutulia. Mifupa iliyokwisha kupanuka haitarudi ilivyokuwa. Mafuta ya tumboni yataongezeka kidogo. Usiogope ukadhani ugonjwa umerudi, bali subiri IGF-1 ipimwe tena baada ya miezi 3 hivi. Ikibaki juu, zipo sindano za kuipunguza homoni ya ukuaji, kama octreotide na lanreotide.

Kabla ya upasuaji, mwombe daktari wako akupime sukari, vitamini D na testosteroni, kwa sababu uvimbe wa pituitari huweza kuibana sehemu inayochochea homoni za kiume, na upungufu wake huidhoofisha mifupa zaidi. Ikiwa nguvu za kiume zimepungua, mwambie bila haya. Hatari ya kuvunjika haiishi siku ile uvimbe unapotolewa, kwa hiyo mgongo upigwe picha tena baadaye hata kama hauumi. Kwa sasa mbao nzito wabebe vijana wako wa karakana, nawe ubaki mezani na randa.