Wasomaji wanauliza: zile zoo ndogo zenye zilifunga, ndege zilienda wapi?

SWALI (mama moja wa Katuba, Lubumbashi)

Jambo wandugu wa gazeti. Mie niko mama ya batoto, nilizaliwa hapa hapa Lubumbashi. Wakati niko mutoto, baba alikuwa anatupelekaka siku ya mungu kisha misa kuona ndege kwa muzee mumoja muzungu, alikuwa na lupango kubwa kwa barabara ya kuenda Kipushi, ndani mule alijenga bizimba bya waya bingi, tausi, kasuku, kanga, na zingine za rangi zenye sikujua hata majina. Tulikuwa tunalipa makuta kidogo tu. Kisha muzee akarudi kwao, siku ingine tulifika tukakuta mulango iko na kufuli. Leo pale kuko depo ya makontena. Nilipeleka batoto yangu ku zoo ya hapa muji, walifurahi, lakini niliwaambia juu ya ile ya ndege wakasema mama ile ni bongo. Naomba mutuelezee, hizi parke ndogo za ndege juu ya nini zinafungaka, na ndege zenyewe zinaendaka wapi? Na mwenye kukumbuka ile lupango anisaidie.

JIBU

Mama wa Katuba, asante sana, na batoto wasikie: ile haikuwa bongo. Bizimba bya namna ile vilikuwa sehemu nyingi sana, kwetu na kwa wengine, na sababu hatuoni tena alama yake ni kwamba nyingi hazikuwa za kampuni wala za serikali, zilikuwa za mutu mumoja. Ile njo sababu ya kwanza na kwangu mie njo inapita zote. Mutu mumoja njo anajua kasuku fulani anakulaka papai paka yenye imeiva sana, mwingine ukimuweka pembeni ya mwenzake anamung'oa manyoya, waya wa upande wa kisima umeoza na kutu na mvua ikianza panya wataingia. Haandike popote, anabeba yote kichwani. Siku anaugua, ao anarudi kwao, ao anakufa, yote inaenda naye. Na ndege anabaki. Kasuku yetu hii ya kijivu yenye mukia mwekundu, akitunzwa muzuri anaweza kufika miaka 40, hata 60, kwa hiyo mwenye kumununua akiwa tayari ni mutu muzima ajue kwamba ndege njo itamuzika. Wenye kupanga ile jambo mapema ni wachache.

Kisha kuna chakula. Duka ya misumari unaweza kuifunga mwezi mbili, ukirudi unakuta misumari paka vile uliiacha. Zoo hapana, siku yenye mugeni hakuja hata mumoja ndege zimekula, siku ya mvua zimekula, siku ya matanga zimekula. Na huku kwetu Lubumbashi unaongeza baridi ya kipwa, Juni na Julai usiku, ndege zenye zilizoea musitu wa joto haziwezi kulala nje hivi hivi, inapaswa mutu ashushe magunia kwa waya kila mangaribi na ayapandishe asubui jua likitoka, na akisahau usiku mumoja tu kesho anaokota ndege chini. Wanalipaka pale mulangoni makuta kidogo, lakini ile kazi ya magunia hakuna mugeni anaiona.

Wakati ule wa makuta kulikuwa na ingine tena. Novemba 1973 Mobutu alitangaza zairianizasio, mashamba na maduka na biashara ndogo za wageni zikapewa Wazairwa, na wageni wengi walifunga sanduku wakaenda. Kisha kuja uporaji wa 1991, hata hapa Lubumbashi, mwenye alikuwa bado na kitu kwa lupango yake alipoteza. Pale mutu anakimbia na famili, nani atauliza juu ya tausi?

Lakini batoto yako wasifikiri ni shida ya Kongo tu. Ulaya zilifunga nyingi sana. Uingereza walitoa sheria mwaka 1981 kwamba kila zoo ipate lisansi na wakaguzi waingie, Umoja wa Ulaya nao wakafanya yao mwaka 1999, na zile ndogo zenye zilikuwa bizimba vya mbao nyuma ya nyumba hazikuweza kulipa matengenezo yenye wakaguzi waliomba. Tena mwaka 2005, juu ya homa ya ndege, Ulaya ilizuia kuingiza ndege za porini, na 2007 ile katazo ikakuwa ya kudumu. Mwenye alizoea ndege yake ikikufa ananunua ingine yenye imetoka porini, mulango ulifungwa. Mie naona walifanya vizuri, nitarudilia hapa chini.

Ardhi nayo inaua zoo. Windsor kule Uingereza kulikuwa parke kubwa ya wanyama, ilifunga 1992, mwaka 1996 pale pale wakafungua Legoland. Na wandugu zetu wenye wanaishi Brussels, wale wa Matonge, wanapitaka karibu na Parc Léopold kuenda upande wa Bunge la Ulaya bila kujua kwamba pale palikuwa zoo ya muji kuanzia 1851 mpaka 1880. Leo ni miti, ziwa na majumba.

Sasa ndege zinaenda wapi. Zenye ziko na bahati zinaenda kwa zoo ingine. Singapore walikuwa na Jurong Bird Park toka 1971, kubwa, haikuwa ndogo, iliyofunga tarehe 3 Januari 2023, lakini ilifunga juu ndege zilikuwa zinahamia makao mapya yenye yalijengwa mbele, kule Mandai, na miezi michache kisha watu walianza kuingia tena. Ile njo kufunga kwenye kunapaswa: nyumba mupya kwanza, kufuli kisha. Kuko na Qatar pia, sheikh mumoja, Saud bin Mohammed Al Thani, alikuwa na ndege nyingi za nadra kwa shamba lake Al Wabra, pamoja na kasuku ndogo ya buluu ya Brazil yenye porini ilipotea mwaka 2000. Alikufa 2014. Wengi wangesema basi imeisha, lakini ndege zile zilipelekwa Ujerumani kwa watu wenye walikuwa wanazizalisha, mwezi wa tatu 2020 kasuku 52 zikapanda ndege kurudi Brazil, na Juni 2022 za kwanza zikaachiliwa kwa pori yao ya zamani. Kizimba kilifunga, ndege ikarudi kwao.

Zenye hazina bahati, mama, nitakuambia kweli: zinauzwa moja moja kwa mwenye kuja na franga, zingine zinaingia kwa sufuria, zingine mutu anafungua mulango anasema enda, na ndege yenye ilizaliwa kizimbani haijui kutafuta chakula wala kukimbia kipanga, haimalize juma.

Na vita. Epulu, kule Ituri, kulikuwa kituo cha okapi, watu walikuwa wanatoka mbali kuziangalia karibu karibu, mutu anamupa okapi majani kwa mukono. Tarehe 24 Juni 2012 waasi waliingia, waliua watu pamoja na walinzi, na okapi zote 14 zilikufa. Hakuna sheria wala ukosefu wa franga pale. Nafikiri sana wale walinzi wenye walizijua okapi moja moja kwa majina.

Wasomaji wa Lubumbashi na Kipushi: mwenye anakumbuka lupango yenye tausi kwa barabara ya Kipushi, mutuandikie, barua tutaipeleka kwa mama.

SWALI (kijana wa Goma)

Mie naona mufurahi tu zilifunga. Ndege iko na mabawa ya kuruka, kumufungia ndani ya waya ni zambi. Juu ya nini munazililia?

JIBU

Kaka, nusu ya maneno yako naibeba. Bizimba vingi vilikuwa vibaya, kasuku peke yake kwa kizimba chenye hawezi kunyosha mabawa, anajing'oa manyoya ya kifua mpaka ngozi inaonekana. Na njia yenye zilifikaka pale ilikuwa mbaya kupita: kasuku yetu ya Kongo ilishikwa kwa gundi na nyavu, ikajazwa kwa makreti, zingine zilikufa njiani, mpaka mwaka 2016 mataifa wakakutana Johannesburg wakaiweka kwa kiwango cha juu kabisa cha kuzuia biashara. Ilichelewa sana. Kwa hiyo katazo la Ulaya niliyosema pale juu, nalipongeza bila kusita.

Lakini angalia karibu na kwenu hapo Rumangabo, centre ya Senkwekwe. Wale gorila yatima, Ndakasi alikuwa mumoja wao, alipatikana 2007 akishikilia mwili wa mama yake, alikufa 2021 kwa mikono ya mulinzi mwenye alimulea. Ungemuachilia porini akiwa mutoto wa miezi mbili angekufa ile usiku. Wako nyama na ndege zenye watu walishaharibu maisha yao, hawana tena kwenye kurudi, na pale mahali pa kufunga na mutu mwenye moyo ni deni yetu kwao. Mie nalilia zile zenye zilikuwa na mutu kama ule, kisha zikafunga bila mutu kupokea.

SWALI (mwanafunzi, komini Kenya, hapa Lubumbashi)

Watu wanasema zoo ya Lubumbashi ilishafungaka kabisa, ni kweli?

JIBU

Hapana, iko wazi. Miaka ya 90 iliangukaka sana, njaa na vita, wanyama walikwisha karibu wote, wazee wako wakiambia hivyo usibishane nao. Kisha ilijengwa tena. Na toka 2006 kuko J.A.C.K., inapokea sokwe wadogo wenye serikali imewanyanganya wachuuzi.

SWALI (mwalimu wa Bukavu)

Ningependa na wanafunzi wangu tukusanye kumbukumbu ya bizimba vya zamani vya huku, vya mamisioni na vya wakoloni. Tuanzie wapi?

JIBU

Mwalimu, usianze na mwenye lupango, anza na zamu, na mupishi, na mutoto wa yule mwenye alikuwa anakata papai. Bwana mukubwa anakumbuka aliinunua bei gani, zamu anakumbuka ilikuwa inalia saa ngapi. Uliza mulio mbele ya jina, muzee atakufanyia sauti na mudomo na mwanafunzi ataikamata na telefone, kisha mutafute ni ndege gani. Jina muandike vile muzee analisema, Mashi, Kirega, Kihavu, musilisahihishe. Foto za ubatizo na ndoa mutazame nyuma ya watu, kizimba kinaonekanaka pale pembeni bila mutu kukusudia. Na muandike ndege zilienda kwa nani, hata kama jibu ni chungu. Kama shule inaweza kupata gari, muwapeleke watoto Lwiro, centre ya sokwe na nyani yenye iko toka 2002, waone kazi ya kulisha inaanzaka saa ngapi. Wakirudi watauliza wazee maswali mazuri zaidi.

SWALI (tena mama wa Katuba, kwa kipande cha karatasi nyuma ya barua)

Zile tausi za muzee zilikuwa za Kongo? Mutu aliniambia Kongo haina tausi.

JIBU

Zenye mukia mrefu wa macho macho ni za India, na za muzee nafikiri njo hizo. Lakini Kongo iko na tausi yake, huyo mutu alikosea. Mwaka 1913 Mumarekani James Chapin aliona unyoya kwa kofia ya mutu kule Ituri, akauweka, hakuna mwenye alijua ni wa ndege gani. Mwaka 1936, kwa museo ya Tervuren Ubelgiji, akakuta ndege mbili zimekaushwa, zimewekwa juu ya kabati, karatasi inasema ni tausi changa za India. Unyoya wake ulikuwa wa ndege ile ile. Dume ni buluu ya giza yenye kung'aa kijani, shingo nyekundu bila manyoya, na kwa kichwa kishungi cheupe kimesimama, mukia mfupi. Mwaka 1949 zilifika zikiwa hai Bronx Zoo, New York, na leo zoo ya Antwerp njo inachunga daftari ya zote zenye ziko kizimbani duniani. Porini iko Salonga na Maiko, ndani kabisa, chini ya miti, haina kelele nyingi isipokuwa usiku, dume na jike wanajibizana.