Mume Anavuta Sigara, Mke Ndiye Anapelekwa Kupimwa

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia. Ameolewa, mtoto hajapata, kapimwa kila kipimo na kaambiwa yuko sawa, lakini wifi zake bado wanamletea dawa za mizizi. Mwishoni kabisa akaongeza, kama jambo dogo tu: "Mume wangu anamaliza pakiti kwa siku, ila hiyo haihusiani." Dada yangu, inahusiana sana. Nalijua hilo kwa sababu yanayokupata yalinipata.

Mimi nilinyweshwa mizizi hadi nikawa naitapika. Mama mkwe alizijua siku zangu kuliko mimi mwenyewe. Mume wangu anakaa pale pale, sigara mkononi, na hakuna aliyemuuliza neno. Mpaka leo linaniuma. Aliyemuuliza alikuwa daktari, mwanamke mtu mzima, ambaye aliniacha mimi akamgeukia yeye: "Na wewe, baba, unavuta?" Akapelekwa maabara kupima mbegu. Karatasi ya majibu ilikuwa na mistari michache: idadi chini ya kawaida, mwendo hafifu, nyingi zina umbo lenye kasoro. Akaisoma, akaikunja, akaitia kwenye mfuko ule ule wa shati uliokuwa na pakiti.

Na si mbegu peke yake. Uume husimama pale mishipa ya damu inapolegea na kutanuka, na kinachoilegeza ni gesi iitwayo oksidi ya nitriki, inayotengenezwa na ukuta wa ndani wa mishipa yenyewe. Moshi unauharibu ukuta huo, halafu nikotini inaibana mishipa. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo mara nyingi huanza kuziba mapema. Mwanamume anayepungukiwa nguvu na kukimbilia vidonge vya siri huenda ameshapewa taarifa ya moyo wake, na hajaisoma.

Kuna wanaojitetea kwamba testosteroni yao, yaani homoni ya kiume, iko juu. Ni kweli, tafiti kadhaa zimekuta wavutaji wako sawa na wenzao au hata juu kidogo. Sasa itakufaa nini, ikiwa mishipa imebana na mbegu zimeharibika hadi kwenye vinasaba?

Wanawake wenzangu mnaovuta, kwetu ni kubaya zaidi. Sumu za moshi huua mayai, na mayai yakiisha hayatengenezwi mengine. Ini nalo huivunja estrojeni, homoni ya kike, haraka, na hedhi hukoma mwaka mmoja au miwili mapema. Ukiwa umefika miaka 35 na unavuta, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni si vyako. Damu inaweza kuganda kwenye mishipa.

Mume wangu aliacha. Siku za mwanzo alikuwa mkali, hapati usingizi, anagombana na mlango. Vibandiko vya nikotini vilimsaidia, lakini kilichomsaidia zaidi ni kuondoa kila sigara nyumbani. Mbegu huchukua karibu miezi mitatu kutengenezwa na kukomaa, kwa hiyo hatukurudi maabara kabla ya hapo. Tuliporudi, karatasi ilikuwa nyingine. Leo binti yetu anasoma, na wale waliokuwa wakinihesabia siku ndio wanaompakata.

Enyi wanaume, acheni. Acheni kabisa, si kupunguza, na msitoke nje kuvuta halafu mkarudi mkidhani mmemkinga mkeo. Mkeo hana dawa ya kunywa kwa niaba yako.

Nawe dada, mpe simu asome hii mwenyewe, kisha aende akapime mbegu. Mkishatafuta mtoto mwaka mzima bila mafanikio, au miezi sita kama umevuka 35, nendeni kwa daktari wote wawili, mwingie pamoja. Mizizi ya wifi zako irudishe kwa adabu, usiinywe tena.