Utamjuaje msanii wa hit moja?

Swali ni kama inawezekana kutabiri msanii atakayevuma na wimbo mmoja kisha apotee. Kwa kiasi, ndiyo. Usianze na ukubwa wa hit, anza na nyimbo alizotoa kabla yake. Mtafiti Justin Berg, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Stanford, alichambua soko la muziki la Marekani la 1959 hadi 2010, akakuta waliodumu ni wale ambao kazi zao za awali zilikuwa na ubunifu au aina nyingi. Sababu ni kwamba hit ikishatoka, kampuni na mashabiki wanataka zaidi ya kilekile, na asiye na akiba ya mitindo hujirudia mpaka achuje.

Pili, fungua ukurasa wake wa strimu. Wimbo mmoja ukibeba kama nne ya tano ya wasikilizaji wote huku wafuasi ni wachache, watu wanaujua wimbo, yeye hawamjui. Subiri wiki sita hivi upime tena, maana wiki ya kwanza kila mtu anaonekana hivyo.

Wimbo uliobebwa na staili ya kucheza ni hatari zaidi. Los del Río, wanamuziki wawili wa Uhispania, walikuwa wameimba tangu miaka ya 1960, lakini 1996 dunia ilibaki na “Macarena” tu.

Taja na nchi unayoizungumzia: a-ha, bendi ya Norway, huitwa wa hit moja Marekani, wakati Uingereza walishika namba 1 mwaka 1986 kwa wimbo mwingine kabisa.