Kutembea majira ya baridi kwenye barabara inayosubiri daraja litengenezwe

Mwenzetu ameuliza kama kuna hatari kutembea kwa miguu, majira ya baridi kali, kwenye barabara ya mashambani iliyofungwa kusubiri matengenezo ya daraja, na kwa nini mafundi hawaonekani. Nimezoea matembezi ya namna hiyo, na jibu langu ni kwamba barabara itembelee, daraja litazame tu.

Mafundi wana sababu. Zege hupata nguvu kwa mmenyuko wa saruji na maji, ambao hupungua kasi sana joto likishuka chini ya nyuzi 5 za Selsiasi. Tena zege bichi likiganda, maji yaliyomo hutanuka kwa takriban asilimia 9 na kuliharibu kutoka ndani. Zipo njia za kulifunika na kulipasha joto, lakini kwa daraja dogo lenye wapitaji wachache ni nadra mtu kukubali gharama hiyo, kwa hiyo kazi huahirishwa. Ukisimama kando ukalitazama ubavuni, huenda ukauona ugonjwa wenyewe: michirizi ya kutu kwenye nyufa, pale chumvi ya kuyeyushia barafu ilipopenya hadi kwenye nondo, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, zege hubanduka vipande vipande.

Utulivu wa barabara hiyo hautokani na kukosekana kwa magari peke yake, kwani theluji mpya, iliyojaa hewa, hufyonza sauti. Hata hivyo barabara iliyofungwa aghalabu haifagiliwi theluji, basi tembea katikati, mbali na mitaro iliyofukiwa, na ubebe fimbo yenye ncha ya chuma (mimi naithamini kuliko viatu vya bei kubwa). Ukikaribia daraja zidisha uangalifu, kwa sababu upepo hulipoza juu na chini, ilhali barabara hupata joto kidogo kutoka ardhini. Lami inaweza kuwa imelowa tu huku daraja limeshafunikwa na barafu nyembamba isiyoonekana.

Kibao kikikataza waendao kwa miguu, geuka. Usishuke kuvuka mto juu ya barafu karibu na nguzo, kwa maana mkondo hubanwa hapo ukaongeza kasi, na barafu huwa nyembamba kuliko inavyodhaniwa. Nimewahi kuona nyayo za waliojaribu, nami sikushawishika. Panga tangu mwanzo kurudi kwa njia uliyoendea, na ugeuke mapema, kwani mchana ni mfupi.