Alizeti iliyonyauka usiikate

Umeuliza kama uikate alizeti iliyonyauka bustanini kwako. Hapana, usiikate sasa, waachie ndege mbegu zake. Ua likishapukutisha petali ndipo mbegu zinapojaa, na kichwa huwa tayari mgongo wake ukigeuka kutoka kijani hadi njano, kisha kahawia. Mimi huacha mashina yasimame mpaka yaanguke yenyewe. Ndege mdogo hung'ang'ania ukingo wa kichwa akiwa ameinama, anachomoa mbegu moja, anaizungusha mdomoni, anameza kiini na kuangusha ganda. Ukiona maganda yaliyopasuliwa chini ya shina, jua wameshaanza kula.

Ila mbegu peke yake hazitoshi. Ndege wengi, hata wale wanaoishi kwa nafaka, huwalisha makinda wao wadudu, hasa viwavi, kwa sababu kinda anahitaji protini ili akue. Kwa hiyo tafadhali usipulizie dawa ya wadudu hapo bustanini, utakuwa unawanyang'anya chakula cha watoto wao. Majani yenye matobo matobo si hasara.

Kichwa kilichoota ukungu kwa mvua kiondoe, hicho kinaweza kuwadhuru. Na msimu ujao chagua alizeti ya kawaida. Zile zenye petali nyingi zilizosongamana mara nyingi hutoa mbegu chache.