Kupima ufuatiliaji wa vijana waliojaribu kujiua

Ndugu, umeuliza utajuaje kama ufuatiliaji wa vijana wenu wa Kadutu, hapa Bukavu, waliotoka hospitalini baada ya kujaribu kujiua unawasaidia kweli. Usianze na idadi ya vikao, ambayo hupendeza wafadhili tu. Anza na tarehe. Hatari huwa kubwa zaidi katika wiki za kwanza baada ya kuruhusiwa, kwa hiyo daftari likionyesha kwamba simu ya kwanza ilipigwa baada ya mwezi, kasoro umekwisha kuiona. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008, katika nchi 5, uliwafuatilia kwa miezi 18 watu waliojaribu kujiua, kwa hiyo nanyi msiishie kwenye simu ya kwanza. Waulize vijana faraghani, wazazi wasiwepo, kama ufuatiliaji unawasaidia, na aliyeacha kuja mtafuteni leo.