Maswali na Majibu: Barakoa na Tafiti Zisizotoa Jibu

Utafiti wa Denmark si ulithibitisha kwamba barakoa haizuii Corona? (Ujiji)

Haukuthibitisha hivyo. Kati ya Aprili na Juni 2020, watu wapatao 6,000 waligawanywa kwa kura: nusu wakahimizwa kuvaa barakoa za hospitali watokapo nyumbani, nusu hawakuhimizwa. Waliohimizwa waliambukizwa asilimia 1.8, wenzao asilimia 2.1. Sasa soma kile ambacho magazeti mengi yaliruka: kwa idadi hiyo ya watu, matokeo yanakubaliana na barakoa inayompunguzia mvaaji hatari kwa asilimia 46, na pia na inayomwongezea kwa asilimia 23. Jibu halali la hesabu hiyo ni "hatujajua".

Utafiti ulipangwa kunasa punguzo la nusu. Huo ni wavu wa macho makubwa. Dagaa wakipenya, usirudi mwaloni kutangaza kwamba ziwani hakuna dagaa. Isitoshe, ni asilimia 46 tu waliosema walivaa sawasawa na maelekezo, na kinga kwa watu wanaomzunguka mvaaji haikupimwa kabisa.

Na yale mapitio ya Cochrane ya tafiti 78? Hizo si chache. (Tabora mjini)

Cochrane ni mtandao wa kimataifa unaojumlisha tafiti za afya. Nyingi kati ya hizo 78 hazikulinganisha barakoa na kutovaa. Zimo za kunawa mikono na mengineyo. Kwa barakoa katika jamii, uwiano wa magonjwa yanayofanana na mafua au Corona, upande wa barakoa ukigawanywa kwa upande usio nayo, ulitoka 0.95, na jibu la kweli laweza kuwa popote kati ya 0.84 na 1.09. Moja maana yake hakuna tofauti, na hapa moja imo ndani. Machi 2023 mhariri mkuu wa Cochrane, Karla Soares-Weiser, alisema wazi kwamba kuyasoma mapitio hayo kama "barakoa hazifanyi kazi" ni kupotosha.

Tena kilichopimwa zaidi ni kuwahimiza watu wavae. Gawa vyandarua kijijini, nusu ya kaya wavitumie kufunikia vifaranga, kisha hesabu malaria: umepima ugawaji, hujapima chandarua.

Kuna utafiti wowote mkubwa wa kutosha? (Kasulu)

Wa Bangladesh: vijiji 600, watu wazima zaidi ya 340,000. Palipogawiwa barakoa uvaaji ulipanda kutoka asilimia 13 hadi 42, na Corona yenye dalili iliyothibitishwa kwa damu ikashuka kwa karibu asilimia 9. Kwenye vijiji vya barakoa za hospitali punguzo lilikuwa takriban asilimia 11, na kwa wenye miaka 60 na zaidi, 35. Za kitambaa hazikuonyesha tofauti ya wazi, ila vijiji vyake vilikuwa nusu ya vile vya barakoa za hospitali. Wavu uleule.

Nyumbani tuna mgonjwa wa kifua kikuu. Nisubiri wanasayansi wamalize kubishana? (Nzega)

Usisubiri. Mgonjwa avae barakoa ya hospitali mbele ya watu, akohoe kwenye kitambaa, na madirisha yawe wazi mchana kutwa. Wewe unayemhudumia chumbani unahitaji N95, inayochuja angalau asilimia 95 ya chembe ndogo. Ile ya hospitali huacha nafasi mashavuni, hewa ikapita pembeni. Ukivaa N95, bana waya wa puani, ifunike kwa viganja, kisha toa pumzi kwa nguvu. Ukihisi upepo machoni au mashavuni, vaa upya. Ndevu nazo huvujisha. Ikilowa au mkanda ukilegea, itupe.